Vifo vya nyumbani vilivyobadili bajeti ya wilaya

Uchambuzi wa data ukitajwa katika mambo ya afya, fikra za wengi hukimbilia kompyuta na akili mnemba. Tanzania ilikwisha kulifanya jambo hilo miaka ya tisini, kwa dodoso za karatasi na grafu chache, na yaliyotokea yanafaa kujulikana na kila hospitali inayofikiria kununua programu ya kisasa. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zingeokoa maisha mengi kama fedha zao zingefuata maradhi yanayoua zaidi na tiba zenye gharama nafuu. Lilikuwa dai la mezani. Wizara ya Afya na IDRC, shirika la utafiti la Kanada, wakaamua kulipima Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya mbili zenye watu wapatao 700,000, katika mradi ulioitwa TEHIP.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kujua watu wanakufa kwa nini. Zahanati zilikuwa na vitabu vya MTUHA, yaani vya kuandikia takwimu za huduma za afya, lakini vitabu hivyo humjua aliyefika zahanati tu, na katika wilaya hizo wengi walifia nyumbani. Kwa hiyo takwimu zikafuatwa huko huko. Morogoro ilikuwa tayari na mradi wa kufuatilia vifo, na Rufiji ikaanza wa kwake mwaka 1998: wadadisi walizunguka kaya kwa kaya, wakirudi kila baada ya miezi minne, wakiandika aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Penye msiba, mdadisi mwingine alikuja baadaye kuzungumza na aliyemuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Alikohoa? Alipumua harakaharaka? Alishikwa na degedege? Alipelekwa wapi kwanza? Fomu hiyo ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wasipokubaliana ikapelekwa kwa wa tatu. Majibu hayo yalitikisa hata imani iliyozoeleka kwamba wanakijiji huwakimbilia waganga wa jadi: wengi wa waliouawa na malaria Rufiji walikuwa wametafuta dawa za kisasa. Lawama ikahama kutoka kwa mgonjwa ikaenda kwa huduma aliyoikuta.

Kisha hesabu ya vifo ikawekwa ubavuni mwa hesabu ya fedha. Morogoro, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na katika bajeti ya 1996 ilipata asilimia 5. Hakuna mganga mkuu wa wilaya aliyewahi kukaa na kuamua hivyo. Bajeti ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia, na miradi ya wafadhili kutoka juu ilikuja na mafungu yake. Grafu ilifanya uzembe huo uonekane kwa jicho. Lakini nadhani isingezaa kitu kama timu za afya za wilaya zisingekuwa na fedha walizoruhusiwa kuzipangia matumizi wenyewe. Mradi uliwawekea nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Waliweza kutumia chini ya dola moja. Wakaiweka kwenye vyandarua vyenye dawa, na katika kuwafundisha wahudumu wa zahanati kumpima mtoto mgonjwa kikamilifu, ili mwenye homa asipewe klorokwini, dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani na nimonia yake. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Mwenye shaka atasema vifo vya watoto vilipungua nchi nzima wakati huo, na ana haki. Utafiti uliolinganisha Rufiji na Morogoro na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga ulikuta tofauti ya asilimia 13 tu kwa miaka miwili, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa ya bahati. Sifa yote, basi, haiwezi kupewa grafu. Hata hivyo utafiti huo huo ulikuta kwamba huduma hiyo bora ya watoto haikugharimu zaidi ya ile ya wilaya jirani, na hilo peke yake linatosha kumkosesha usingizi mpanga bajeti. Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni la kifua kikuu. Kilikuwa na chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea, kikachukua asilimia 22 ya bajeti. Je, kinyang'anywe? Huenda kiliua wachache kwa sababu fedha hizo zilikuwapo. Grafu huonyesha vifo vilivyotokea. Vilivyozuiwa haivioni, na hapo hukumu ya daktari haina mbadala.

Leo takwimu za zahanati huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta ulioenea Kenya nzima kuanzia 2011 na Tanzania kufikia 2013. Ripoti hufika wizarani upesi kuliko zamani, na ramani zake zinapendeza. Chanzo chake kikuu, hata hivyo, bado ni vitabu vya vituo, kwa hiyo mashine yoyote itakayofundishwa kwa takwimu hizo itapeleka dawa kwenye msongamano, na kijiji kilicho mbali na zahanati kitahesabiwa kuwa na afya njema.