Majivu ya Kakamega na Mafuta ya Injini

Vijijini Kakamega, mboga ngumu haziachiwi maji matupu. Mrenda, kunde na mitoo hutiwa musherekha, maji ya majivu yenye rangi ya chai ya strungi ambayo Waluhya waliyachuja tangu kabla ya chumvi ya dukani. Mabua ya maharagwe, maganda ya ndizi au magunzi ya mahindi hukaushwa juani na kuchomwa hadi yawe majivu. Majivu hayo hutiwa katika chungu chenye matundu chini, kilichotandikwa nyasi, kisha maji humiminwa juu taratibu yakadondokee chomboni. Musherekha kidogo hulainisha mboga na kuiacha na ukijani wake. Ukizidi, chakula hakiliki.

Kinachofanya kazi hapo ni alikali, hasa kabonati ya potasiamu. Mmea hufyonza potasiamu udongoni, na moto ukishakula mengine, madini hayo hubaki. Ndiyo maana watu wa Kakamega hawachomi chochote tu. Waluhya wenzao, Wabukusu, huchoma matete ya Mto Nzoia, na chumvi yake imeingizwa na shirika la Slow Food katika vyakula vya asili linavyovihifadhi.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za mbali zikawa rahisi kufika. Mwaka 1911 ikaanzishwa kampuni ya kuchimba magadi katika Ziwa Magadi, na magadi ni alikali ya sodiamu. Jiko la Kakamega likawa na alikali mbili za kuchagua.

Anayetengeneza biodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, nyumbani hukabiliwa na uchaguzi huohuo. Mafuta ya kupikia ni mazito mno kwa injini ya dizeli ya kisasa, kwa hiyo huchanganywa na alkoholi, na kichocheo huharakisha mageuzi. Mwaka 1937 Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mawese kwa ethanoli, kichocheo chake kikiwa asidi. Mwaka uliofuata basi la abiria lilitumia mafuta ya namna hiyo kati ya Brussels na Louvain.

Asidi huvumilia mafuta machafu, lakini ni ya polepole. Alikali ni ya haraka, ila huchagua mafuta. Kwa lita moja ya mafuta mapya, watengenezaji wengi hutumia takriban mililita 200 za methanoli na gramu 3.5 za kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu. Wakitumia hidroksidi ya potasiamu, huhitaji kama gramu 5, kwa kuwa molekuli yake ni nzito zaidi. Kostiki soda ni nafuu, ila gliseroli inayobaki huweza kuganda. Ile ya potasiamu hubaki kimiminika, na potasiamu yake yaweza kurudishwa shambani kama mbolea baada ya kusafishwa. Mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia yana asidi huru zinazokula alikali na kuzaa sabuni. Maji nayo huharibu. Kwa sababu hiyo musherekha wa chunguni, ambao karibu wote ni maji, hauwezi kumiminwa moja kwa moja kwenye mafuta.

Mbono (jatropha), mti wenye mbegu za mafuta, ulipovuma Kenya katika miaka ya 2000, mazungumzo yalihusu zaidi mbegu na ekari kuliko kichocheo. Utafiti wa 2009 wa shirika la Ujerumani la GTZ na taasisi za utafiti za KEFRI na ICRAF uliwapoza wengi: kwa mkulima mdogo, mti huo ulifaa kama ua wa boma tu.

Wakati huo, huko Assam, kaskazini mashariki mwa India, wapishi walikuwa wakitumia kolakhar, maji ya majivu ya mgomba. Mwaka 2011 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Gauhati walieleza jinsi walivyochoma shina la mgomba na kutumia majivu makavu kama kichocheo, mafuta ya mbegu yakageuka biodizeli. Majivu makavu hayaleti maji, na yanaweza kuchujwa kazi ikiisha.

Kakamega ina migomba, ina maharagwe, na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Inafaa ipimwe ni mmea upi wa huku unaotoa potasiamu nyingi, na moto wake uwe mkali kiasi gani. Watafiti waanze kwa kina mama wanaochuja musherekha hadi leo, kwa maana wao wanajua majivu yapi ni makali na yapi ni ya kutupa.