Wakfu wa Jamaa Mbele ya Majaji wa London

Ndugu msomaji, huenda nyumba unayokaa, au shamba ambalo nazi zake zinaungia chakula chako, ni wakfu wa babu yako. Je, wajua kuwa wakfu wa namna hiyo ulipata kukataliwa na majaji wasioijua pwani yetu?

Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Basi haikuuzwa, haikupewa mtu, wala haikurithiwa, na pato lake likawa la mafakiri, jamaa, wageni na wengineo. Litazame neno hilo: jamaa. Kumlisha wako ni sadaka pia, na maulamaa wa Kishafi, madhehebu ya wengi wetu, wanaukubali wakfu wa watoto na wajukuu.

Waingereza hawakuona hivyo. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bara Hindi, Baraza la Faragha huko London lilisema kuwa wakfu ambao masikini hawapati kitu mpaka ukoo umalizike ni wakfu wa jina tu. Wakaupima kwa sadaka ya kwao, kama mtu apimaye mchele kwa dhiraa! Waislamu wa Hindi walilalamika, Jinnah akapeleka mswada, na sheria ya 1913 ikaurudisha. Lakini hiyo ilikuwa sheria ya Hindi. Huku kwetu hukumu ya 1894 iliendelea kufuatwa, na katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, iliyochapishwa katika ripoti za 1952, London ikashikilia neno lake lile lile. Wakfu ukibatilika, mali huingia katika mirathi, na nyumba moja yaweza kuuzwa ili warithi wagawane fedha.

Nasema kweli, wako kati yetu waliotumia wakfu kuwakwepa mabinti zao. Wasia una mpaka wake, thuluthi moja, nao wakaona wakfu ni mlango wa nyuma. Hao sina neno la kuwatetea.

Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya 1951 iliukubali wakfu wa jamaa, kwa sharti kwamba mwisho wake urudi kwa masikini au kwa jambo la kheri la kudumu. Basi itoe ile hati sandukuni uisome mpaka mstari wa mwisho, uone kama masikini wametajwa.