Jesse Stone, askari aliyefukuzwa na televisheni

Usiku wa Jumapili, Februari 20, 2005, Wamarekani waliofungulia kituo cha CBS walimkuta Tom Selleck katika hali ambayo hawakuizoea. Kijana waliyemjua tangu 1980 akikimbiza Ferrari nyekundu visiwani Hawaii katika Magnum, P.I. sasa alikuwa mtu mzima wa miaka 60, akiigiza Jesse Stone, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa pwani, mtalaka, anayemalizia siku kwa glasi ya wiski huku mbwa akimtazama. Filamu hiyo iliitwa Stone Cold. Miaka ishirini na ushei imepita, zikafuata nyingine nane, na wapenzi wa Jesse Stone bado wanauliza ya kumi iko wapi. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu mwenzao huyu aliondolewa kituoni akiwa bado na watazamaji tele.

Aliyembuni ni Robert B. Parker, mwandishi wa Massachusetts ambaye mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Boston kwa tasnifu iliyowachambua Dashiell Hammett, Raymond Chandler na Ross Macdonald, wakongwe wa riwaya ya upelelezi ya Marekani. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa tajiri wa jina na wa mauzo kutokana na mpelelezi wake wa Boston, Spenser, anayesimulia visa vyake kwa kinywa chake mwenyewe na hakosi neno la kumjibu mtu. Mwaka 1997 Parker alitoa Night Passage, riwaya ya kwanza ya Jesse Stone, na safari hii akasimulia kwa nafsi ya tatu. Alihitaji kumtazama mtu huyu kwa mbali. Spenser anajiamini, Jesse hajui hata kama kesho ataamka bila kiu ya pombe.

Kisa chenyewe kimejengwa juu ya hila. Jesse alikuwa mpelelezi wa mauaji Los Angeles. Ndoa ikavunjika, chupa ikamzidi, jeshi la polisi likamtimua. Anaomba kazi upande wa pili wa nchi, katika mji wa Paradise, Massachusetts, na anafika kwenye usaili akiwa amelewa. Anapewa kazi. Inakuja kubainika kwamba wakubwa wa mji, wakiongozwa na Hasty Hathaway, wana biashara chafu za kuficha, na walichokitaka ni mkuu wa polisi mlevi ambaye wangemtia mfukoni. Walikosea kuhesabu. Huyu mlevi hajui kufanya kazi nusunusu.

Katika riwaya Jesse ana miaka thelathini na kitu. Selleck alipoichukua nafasi hiyo alikuwa karibu mara mbili ya umri huo, na hapo ndipo filamu zilipopata uhai wao. Kijana anayekunywa baada ya talaka, mtazamaji humwambia moyoni kwamba yatapita. Mtu wa miaka sitini akifanya hivyo hivyo, hakuna wa kumdanganya. Watengenezaji wakaongeza uamuzi mmoja wa busara sana: Jenn, mke wa zamani, ambaye kwenye vitabu anamfuata Massachusetts, kwenye filamu amebaki kuwa sauti ya simu tu. Uso wake hatuuoni. Tunauona wa Jesse akisikiliza.

Paradise haipo kwenye ramani. Barabara, gati na nyumba za mbao tunazoziona ziko Nova Scotia, Kanada, hasa Halifax na Lunenburg, mji wa wavuvi na mafundi wa mashua ulioasisiwa 1753 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Robert Harmon, aliyeongoza filamu zote isipokuwa moja, aliuacha ukungu wa pwani hiyo ufanye kazi, na Jeff Beal akaweka muziki wa piano usio na haraka. Kuna dakika nzima ambazo hakuna anayesema neno. Jesse anaingia kituoni, anavua koti, anatazama dirishani, na mtazamaji anajua kesi imemkaa kooni.

Tena kazi hiyo iliokota vipaji mapema. Polisi Molly Crane wa filamu za mwanzo alikuwa Viola Davis, miaka mingi kabla ya Oscar aliyoipata kwa Fences. William Devane akawa Dkt. Dix, tabibu wa nafsi aliyewahi kuwa askari na mlevi yeye mwenyewe, kwa hiyo Jesse akidanganya juu ya idadi ya glasi, anajulikana papo hapo. Mwaka 2007 Selleck aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa Sea Change. Baadaye akawa pia anashiriki kuandika miswada pamoja na mtayarishaji mwenzake, Michael Brandman.

Ugomvi ulikuja 2012, na hauelezeki bila kuijua biashara ya televisheni ya huko. Stone Cold ilionyeshwa katika kipindi cha CBS cha filamu za Jumapili, mabaki ya desturi iliyoshamiri tangu mwisho wa miaka ya 1960, pale vituo vikubwa vilipoanza kujitengenezea filamu zao kila wiki. Mwaka 2006 CBS ilikifuta kipindi hicho. Jesse Stone akabaki bila nyumba, akawa anaitwa karibu mara moja kwa mwaka, mara nyingi mwezi Mei, ambao ni mmoja wa miezi ambayo vituo hupimwa kwa wingi wa watazamaji. Yaani alikuwa kibarua wa kuongeza hesabu, na hesabu aliziongeza kweli. Benefit of the Doubt, iliyorushwa Mei 20, 2012, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 10.

CBS ikasema basi. Tatizo lililotajwa halikuwa uchache wa watazamaji bali umri wao. Bei ya matangazo ya biashara Marekani ilipangwa kwa kufuata watu wa miaka 18 hadi 49, na waliokuwa wakimsubiri Jesse walikuwa wengi wao wamevuka hapo. Mamilioni walikaa mbele ya televisheni, lakini mfumo haukuwahesabu. Selleck hakunyamaza, ingawa wakati huo huo alikuwa nguzo ya tamthilia ya Blue Bloods kwenye kituo hicho hicho. Alieleza hadharani kwamba hadithi haijaisha na kwamba yeye yuko tayari kuendelea.

Uamuzi ule ulikuwa wa dharau. Mzee wa miaka 65 ananunua gari, dawa na chakula kama wengine, na zaidi ya hapo ana subira ambayo filamu ya aina hii inaihitaji. Kumwambia kwamba macho yake hayana thamani ni kumfukuza sebuleni kwake mwenyewe. Hathaway alimpa Jesse kazi akidhani mlevi hana maana. Wenye kituo walimnyima kazi wakidhani mashabiki wake hawana maana.

Ilichukua miaka mitatu kupata mlango mwingine. Lost in Paradise ilirushwa Oktoba 18, 2015, na Hallmark Movies & Mysteries, chaneli ya kulipia iliyo ndogo mno ukiilinganisha na CBS. Mwaka huo huo serikali ya Nova Scotia ilipunguza nafuu ya kodi iliyokuwa ikiwavuta watengenezaji filamu, na wafanyakazi wa tasnia hiyo wakaandamana Halifax mbele ya bunge la jimbo. Tangu hapo hakuna filamu mpya.

Parker hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Januari 18, 2010, nyumbani kwake Cambridge, akiwa kwenye meza yake ya kuandikia, ameacha riwaya tisa za Jesse Stone. Brandman aliziendeleza kuanzia 2011, kisha wakafuata Reed Farrel Coleman, Mike Lupica, na mwaka 2025 Christopher Farnsworth. Blue Bloods ilifikia tamati Desemba 2024 baada ya misimu 14. Selleck sasa amevuka miaka 80, na hajaficha kwamba anataka kurudi Paradise. Kinachokosekana ni kituo cha kumpa usiku mmoja wa Jumapili.