Tumbaku, Wagonjwa na Wajibu wa Kanisa

Katika nchi hii ya Mara, vita na tumbaku vilianza pamoja na kazi ya Injili. Wamisionari wa Kiadventista walifika Majita mwaka wa 1909. Wamenonite wakaanza Shirati mwaka wa 1934, kisha Bukiroba karibu na Musoma mwaka wa 1935, na Mugango mwaka wa 1936. Waliwakuta wazee wakivuta kiko na kunusa ugoro, nao wakafundisha kwamba atakaye ubatizo sharti aiache tumbaku.

Amri ile iliwafaa wengi. Walakini amri peke yake haitoshi, kwa maana aogopaye kutengwa huvuta kwa siri, na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ushahidi wa waganga ulikuja baadaye. Mwaka wa 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwauliza wagonjwa katika hospitali za London habari za kuvuta kwao. Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, 2 tu hawakuwa wavutaji. Na katika wanaume 649 wenye maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Karibu na mwaka wa 1960, huko Marekani, Waadventista wawili, daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg, walianzisha mafundisho ya siku tano ya kuacha sigara. Angalieni: mganga na mchungaji walifanya kazi bega kwa bega.

Hapa Tanzania sheria ya mwaka wa 2003 ilikataza kuvuta ndani ya hospitali. Basi mgonjwa alazwaye Musoma, Bunda au Butiama hukaa siku kadhaa bila sigara, naye akiwa amekwisha kuonja hofu ya mauti huwa tayari kusikia shauri. Hiyo ni saa njema. Lakini nikotini humdai mtumwa wake: siku za kwanza hukosa usingizi, hukasirika upesi, na moyo hautulii. Tena akirudi nyumbani huwakuta rafiki zake wakivuta kibarazani. Uchunguzi wa waganga umeonyesha kwamba shauri la hospitalini huzaa matunda hasa likifuatwa na msaada wa mwezi mmoja au zaidi baada ya mgonjwa kutoka.

Mwezi huo ndio sehemu yetu, ndugu zangu. Mganga hawezi kumfuata kila mtu mpaka kijijini. Mzee wa kanisa na mwalimu waweza. Mtembeleeni juma la kwanza, wala msimwache mpaka la nne. Waombeni watu wa nyumba yake wasivute mbele yake. Na akianguka, msimkemee wala kumtangaza, bali aanze tena, kwa kuwa wengi walioacha hawakuacha mara moja.

Wazee wetu waliweka amri mlangoni mwa kanisa. Katika jubilei hii na sisi tutoke mlangoni, tumwendee mgonjwa nyumbani kwake.