Oasisi za Magan: Historia na Istilahi Zake

Mfasiri wa kitabu cha jiografia au cha historia akutanapo na dhana ya oasisi, aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili. Ama huliacha neno katika sura yake ya mkopo, oasisi, ama hulieleza kwa Kiswahili na kuandika chemchemi ya jangwani. Njia hii ya pili hupendwa na walimu, kwa kuwa mwanafunzi huielewa papo hapo. Hata hivyo ina hatari yake. Chemchemi ni kitu cha maumbile: maji hububujika yenyewe, na mtu huja akayakuta. Mwenye kuifikiria oasisi kwa picha hiyo huwaona wakazi wake kuwa ni watu waliobahatika tu, walioketi kivulini wakingoja misafara ya wageni iwaletee habari za dunia. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa akiolojia, kwamba picha hiyo si ya kweli, na kwamba imewapotosha hata baadhi ya wanahistoria, wala si wafasiri peke yao.

Mfano nitakaoutumia ni wa nchi ambayo watu wa Mesopotamia waliiita Magan, yaani sehemu za kaskazini za Oman ya leo pamoja na Umoja wa Falme za Kiarabu. Msomaji wa pwani yetu huijua Oman kwa historia ya karne za karibuni, ya majahazi na ya masultani wa Unguja. Habari zinazosimuliwa hapa ni za kale zaidi. Zinaanzia yapata mwaka 3000 K.K.

Nchi yenyewe ina uti wa mgongo mmoja, nao ni milima ya Hajar. Mvua inyeshayo huko ni haba, lakini huteremka katika mabonde na kuzama chini ya kokoto za tambarare zilizo miguuni pa milima. Maji hayo hayaonekani. Mtu apitaye juu yake angeweza kufa kwa kiu akiwa hatua chache tu kutoka kwenye maji. Kwa hiyo swali la kwanza la historia ya Magan ni nani aliyeyafikia, na kwa njia gani.

Uchunguzi wa kitaalamu ulianza mwaka 1959, wakati wataalamu kutoka Denmark, wakiongozwa na P. V. Glob na Geoffrey Bibby, walipochimba makaburi ya mawe katika kisiwa kidogo cha Umm an-Nar, karibu na Abu Dhabi. Baadaye walielekea bara, wakakuta makaburi mengine, ya kale kuliko hayo, kwenye mlima Hafit karibu na Al Ain. Ndani yake mlikuwamo vyungu vidogo vilivyopakwa rangi, vya namna iliyotumika Mesopotamia yapata mwaka 3000 K.K. Mtu angeweza kufikiri mara moja kwamba wageni wa kutoka Mesopotamia ndio waliofungua nchi ile, na kweli dhana hiyo ilitajwa. Lakini chungu cha kigeni kaburini hakimfanyi maiti kuwa mgeni. Sahani za Kichina zilizojengewa katika makaburi na misikiti ya mwambao wetu hazijatufanya Wachina.

Jibu la swali letu lilipatikana Hili, nje kidogo ya Al Ain, mahali ambapo Wafaransa chini ya Serge Cleuziou walichimba kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Huko kilifukuliwa kijiji cha wakulima kilichodumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katikati yake palisimama mnara mnene wa matofali mabichi, na ndani ya mnara mlikuwa na kisima. Kuuzunguka mnara kulichimbwa mitaro. Katika udongo na katika matofali yenyewe zilipatikana kokwa za tende, punje na alama za ngano na shayiri, na kokwa za kunazi. (Taarifa za mwanzo zilitaja pia mtama, nafaka ambayo asili yake ni Afrika, na habari hiyo ikaenea vitabuni. Wataalamu wa mimea ya kale waliourudia ushahidi huo wameutilia shaka kubwa. Mwalimu aliye na kitabu cha zamani na aifundishe kwa tahadhari.)

Inafaa tusimame kidogo hapa, maana ndipo ulipo moyo wa jambo. Mtende hauhitaji mvua, bali huhitaji maji mizizini na jua kali kichwani, navyo vyote viwili vilikuwapo Hili mara tu kisima kilipochimbwa. Mtende ukikua hutoa kivuli. Chini ya kivuli hicho miti midogo ya matunda huweza kuishi, na chini ya miti hiyo nafaka na mboga ambazo peke yake zingeungua kwa jua. Ni shamba lenye ghorofa tatu, na ghorofa ya juu ndiyo inayozilinda zilizo chini yake. Hakuna hata moja katika hizo iliyojiotea. Mtende mzuri hupandwa kwa chipukizi lililokatwa kwa mama yake, kwani kokwa haitoi tunda la kutumainika. Kisha mtende jike hupandishwa chavua kwa mkono wa mtu, kila mwaka. Mkulima akiacha kazi hiyo kwa miaka michache, jangwa hurudi mahali pake. Yote haya yalifanyika pasipo ngamia, maana ngamia alikuwa bado mnyama wa kuwindwa; kufugwa kwake katika sehemu hizo ni jambo la karibu na mwaka 1000 K.K. Mizigo ilibebwa na punda.

Kwa hiyo, hata kabla hatujafika kwa majirani, tumekwisha kuona kwamba oasisi ni kitu kilichotengenezwa kama vile jahazi linavyotengenezwa. Maumbile yalitoa mali ghafi tu.

Majirani walivutwa na shaba. Milima ya Hajar ina mawe yenye madini hayo, na huko Maysar, katika bonde la Samad, Gerd Weisgerber na wenzake kutoka Ujerumani walifukua kijiji cha wafua shaba cha milenia ya tatu K.K. Walikuta tanuri, mawe ya kupondea, marundo ya mavi ya shaba (kama wahunzi wetu wasemavyo mavi ya chuma), na shaba iliyokwisha kuyeyushwa, imegandishwa mithili ya mikate ya duara. Hapa nawakumbusha wafasiri kwamba Enzi ya Shaba, jina tunalolitumia kwa kipindi hiki, huficha tofauti ya maana. Zana zilizokipa kipindi hicho jina lake katika lugha za Ulaya zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na bati. Magan iliuza shaba nyekundu, madini yenyewe. Bati haikuwa nayo.

Kwa maandishi, Magan haina sauti yake yenyewe. Watu wake hawakuacha maandiko ya zama hizo, na yote tuyasomayo yameandikwa na wateja wao au adui zao. Mfalme Sargon wa Akkad, yapata mwaka 2300 K.K., alijisifu kwamba merikebu za Meluhha, za Magan na za Dilmun zilifunga gati katika mji wake. Mjukuu wake Naram-Sin alisema ameipiga Magan na kumteka bwana wake, Manium. Gudea, mtawala wa Lagash, alichongesha sanamu zake kwa dioriti, jiwe jeusi gumu mno, na maandishi yaliyomo katika sanamu hizo yanasema jiwe lililetwa kutoka Magan. Kisha, mwishoni mwa milenia hiyo, tunamkuta huko Ur mfanya biashara aitwaye Lu-Enlilla, ambaye alichukua sufu, nguo, mafuta na ngozi kutoka hekalu la mungu Nanna akazipeleka Magan kubadilishana na shaba. Mimi naona hati za Lu-Enlilla zina thamani kupita majigambo ya wafalme wote wawili, kwa sababu hati ya bidhaa haina haja ya kujisifu. Zinaonyesha biashara ya pande mbili: watu wa Magan walikuwa na kitu walichokihitaji wengine, na walilipwa.

Upande wa mashariki alikuwako jirani mwingine, nao ni miji ya bonde la Indus, ambayo wataalamu wengi wanaamini ndiyo Meluhha ya maandishi. Mitungi mikubwa myeusi ya kutoka huko imepatikana mahali pengi Magan, hata Hili iliyo mbali na bahari, pamoja na shanga za akiki. Huko Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya Oman, Cleuziou na Maurizio Tosi walifukua, kuanzia mwaka 1985, vijiji vya wavuvi vyenye kitana cha pembe za ndovu na muhuri wa shaba wenye alama za Indus. Walikuta pia vipande vingi vya lami. Upande mmoja vina alama za matete na kamba, na upande mwingine vimegandwa na magamba ya viumbe vya baharini: dalili ya hakika kwamba lami hiyo ilipakwa chombo cha matete kilichokaa majini. Chombo cha namna hiyo kilijengwa upya na kutwekwa kutoka Sur mwaka 2005 kwenda India. Kilizama muda mfupi baada ya kuondoka. Manahodha wa Magan bila shaka walijua jambo ambalo wajenzi wa leo hawajalijua.

Katika haya yote, vitabu huzungumzia uhusiano wa oasisi na ustaarabu wa jirani. Mfasiri mwangalifu na atazame usemi huo mara mbili. Neno ustaarabu, kwa jinsi tunavyolitumia vitabuni, limefungamana na mji, mfalme na maandishi. Magan haikuwa na miji mikubwa, wala majumba ya kifalme yaliyothibitishwa. Lakini ilikuwa na makaburi ya duara yaliyojengwa kwa mawe yaliyochongwa yakalingana kabisa, kama lile kubwa la Hili, lenye upana wa mita 12, ambalo mlango wake umepambwa kwa picha za watu na choroa. Walizikwa humo kwa pamoja, vizazi kwa vizazi, watu wengi katika kaburi moja. Jamii iliyojengea wafu wake wote nyumba moja ya mawe haikuwa imeshindwa kuufikia mji. Yamkini iliona utaratibu mwingine unafaa zaidi mahali ambapo maji ni ya shirika. Makaburi na minara ya Bat, iliyoko Oman, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1988, na maeneo ya Al Ain mwaka 2011.

Baada ya mwaka 2000 K.K. hali ilibadilika. Vijiji vilipungua, na jina la Magan likatoweka katika hati za biashara. Shaba sasa ilipitia mikononi mwa Dilmun, yaani Bahrain. Ni katika zama hizo, yapata mwaka 1750 K.K., ndipo mteja aitwaye Nanni alipomwandikia mfanya biashara Ea-nasir wa Ur barua ya kumlaumu kwa kuletewa shaba mbovu. Barua hiyo imehifadhiwa London, na Ea-nasir amepata umaarufu ambao hakuuomba.

Maji yaliendelea kushuka ardhini, na kisima hakikutosha tena. Ndipo tunapofika kwenye falaji. Hii ni njia ya maji ichimbwayo chini ya ardhi kutoka kisima mama kilicho karibu na mlima, ikiteremka kwa mwinamo mdogo sana, yenye matundu ya kupumulia na kutolea udongo, hadi inapotokeza juu karibu na mashamba. Maji hutembea yenyewe usiku na mchana. Hadithi ya Oman husema kwamba Nabii Suleiman aliwaamuru majini wakachimba falaji elfu kumi kwa siku kumi. Wanazuoni wa karne ya ishirini hawakuamini majini, wakawaweka Waajemi mahali pao. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba Uajemi ina njia za namna hiyo nyingi mno, na kwamba maandishi ya Sargon wa Pili wa Ashuru ya mwaka 714 K.K. yanaelekea kuzitaja kaskazini mwa nchi hiyo. Lakini uchimbaji uliofanywa na Walid Yasin al-Tikriti huko Hili na Bida Bint Saud umeonyesha falaji zilizo pamoja na makazi ya Enzi ya Chuma, yapata mwaka 1000 K.K., yaani karne tatu hivi kabla ya maandishi hayo. Mjadala haujafungwa, ila mzigo wa kuthibitisha sasa uko juu ya wale wasemao Waajemi. Ajabu ni kwamba hadithi na elimu zilikubaliana katika jambo moja kwa muda mrefu: kwamba mchimbaji lazima awe mtu wa kutoka kwingine.

Kwa upande wa istilahi, napendekeza oasisi ibaki, na chemchemi ya jangwani itumike pale tu ambapo chemchemi ipo kweli. Neno oasisi limetufikia kutoka Kigiriki, nacho yaelekea kililipata katika Kimisri cha kale, ambamo pia ndimo lilimotoka neno la Kiarabu waha. Kitivo, kwa maana yake ya asili ya mahali penye rutuba, lingetufaa sana, lakini chuo kikuu kimekwisha kulichukua na hakuna mwanafunzi atakayekubali kwamba Kitivo cha Sheria kina mitende. Falaji libaki hivyo hivyo, lisifasiriwe mfereji, kwani asili yake katika Kiarabu ni kugawanya. Na kwa kweli kazi yake haiishii kuleta maji, bali kuyagawa kwa zamu zinazohesabiwa kwa saa. Ama Magan na Meluhha, mfasiri na aangalie tarehe ya maandishi kabla ya kuandika tanbihi yake: katika milenia ya tatu K.K. ni Oman na Indus, lakini wafalme wa Ashuru wa karne ya saba K.K. waliyatumia majina hayo hayo kwa Misri na Kush.