Mpiga Nanga wa Ihangiro

Msomaji aliyezoea kusikia sifa za mabingwa wa piano wa Ulaya, na apande meli Mwanza kuelekea Bukoba, kwani huko, tangu zama za Wakama, watawala wa jadi wa Wahaya, nanga ilikuwa na mabingwa wake, akiwamo marehemu Habibu Selemani wa Ihangiro. Chombo chenyewe ni gogo lililochongwa mfano wa hori, na uzi mmoja tu (ajabu hii!) hupitishwa huku na huko katika meno ya ncha zake hata ukaonekana nyuzi nyingi. Tawala za jadi zilipofutwa mwaka 1963, mpiga nanga alipoteza baraza, wala si hadhira. Profesa Mulokozi alizichunguza tendi zinazoimbwa kwa nanga; kwa insafu, kazi hiyo ilistahili kuanza mapema zaidi.