Njia za mbio Miritini: Mkimbiaji huyatazama maji kabla ya saa

MIRITINI, katika bara la Mombasa kaskazini-magharibi ya kisiwa, haina milima ya kumtisha mkimbiaji. Miinuko yake ni ya wastani, na penye mikoko ardhi hulala sawa na maji ya bahari.

Hata hivyo, tambarare hiyo si nyepesi kama inavyoonekana. Anayepanga mbio zake kwa umbali pekee huenda akaikuta njia imefunikwa na maji, au mwili wake ukamshinda kabla ya nusu ya safari. Mambo mawili ndiyo yanayotawala mbio hapa: kujaa na kupwa kwa bahari, na unyevu wa hewa.

Mahali penyewe

Miritini imo katika Eneobunge la Jomvu, ambalo lilimegwa kutoka Changamwe kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013. Upande mmoja kuna hori la Tudor, ambalo maji yake hupita Mikindani na kuingia hadi Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu, mojawapo ya Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa. Upande wa pili kuna maji ya Port Reitz na Mwache.

Kwa sababu hiyo, njia za mbio zinaweza kugawanywa mara tatu. Za juu hufuata barabara na vijia vya mitaani, ambako udongo ni mgumu mwaka mzima isipokuwa wakati wa masika. Za kati hupita mteremkoni, penye minazi, miembe na mihogo. Za chini hupita kwenye uwanda wa chumvi, ile ardhi tupu iliyo baina ya mashamba na mikoko.

Njia za chini ndizo zilizo sawa zaidi na tulivu zaidi. Ndizo pia zinazohitaji hadhari kubwa.

Hesabu ya maji

Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji kupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana na maji makuu hayafiki mbali.

Jambo ambalo wavuvi hulijua, na mkimbiaji mgeni hulisahau, ni kwamba siku za bamvua bahari ya Mombasa hujaa karibu na saa 10 au saa 11 alfajiri, na tena jioni muda kama huo. Hizo ni saa zinazokaribiana mno na zile ambazo watu hupenda kukimbia. Anayeteremka horini saa 12 asubuhi siku hizo hukuta maji yakianza tu kuondoka, na uwanda ungali tope la kuteleza. Yanapokuwa yamepwa kabisa, yapata saa 4 au saa 5, jua limekwisha kuwa kali.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Bahari huwa imekupwa kabla ya mapambazuko, na uwanda wa chumvi hukauka. Kwa hiyo, kanuni ni nyepesi: alfajiri ya maji mafu inafaa kwa njia za chini, na alfajiri ya bamvua inafaa kwa njia za juu. Majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini hutolewa kila mwaka, na asiyekuwa nayo anaweza kuutazama mwezi.

Aidha, haifai kukimbia peku karibu na mikoko. Mizizi ya mchu husimama wima topeni kama vijiti, na chaza hushika kwenye mizizi ya mkoko wakiwa na makali ya kukata nyayo. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Kukata miti ili kupata njia ni kosa, na pia ni kuharibu kinga ya pwani na mazalio ya samaki.

Funzo la 2007

Kuhusu hewa, ushahidi mkubwa ulitolewa kisiwani Mombasa tarehe 24 Machi 2007, siku ya mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa gofu. Machi ni miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi Pwani.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka 5 mfululizo tangu 2002, alijiondoa kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda mbio za wanaume, na Lornah Kiplagat wa Uholanzi akashinda za wanawake. Wanariadha wengine kadhaa pia hawakufika mwisho.

Sababu yake ni hii: jasho huupoza mwili linapokauka kwenye ngozi. Hewa inapojaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Anayetoka nyanda za juu huhitaji siku 10 hadi 14 ili mwili wake uzoee. Katika muda huo apunguze kasi, kwani mwenda pole hajikwai. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa ni dalili za kusimama mara moja, kutafuta kivuli na kuumwagia mwili maji.

Ardhi inayopungua

Nafasi ya kukimbilia nayo imebadilika. Kituo kikuu cha reli ya kisasa upande wa Mombasa kimejengwa Miritini, na safari zake za kwenda Nairobi zilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Barabara ya Dongo Kundu, inayoelekea Kusini mwa Pwani, nayo huanzia hapa. Maghala ya makontena yameongezeka, pamoja na malori yanayoyahudumia.

Anayelazimika kupita kando ya barabara kuu akimbie upande wa kulia, ili ayaone magari yanayomjia, na avae nguo za rangi inayoonekana gizani. Kukimbia juu ya njia ya reli si salama hata kidogo.

Vijia vya mashambani na vya horini havimo katika ramani nyingi, na kisichoandikwa ni rahisi kuzibwa. Hata hivyo, ndivyo vinavyotumiwa na mvuvi anayekwenda kutega, mtoto anayekwenda shule na kijana anayejifunza mbio bila kiwanja. Mipango ya ujenzi ikivihesabu mapema, wote watatu watabaki na njia ya kupita.